Mazoezi ya Kuokoa Watoto Yasiishie Warshani

Kijana wa Matemwe hafunzwi kuendesha ngalawa kwa kupelekwa moja kwa moja nje ya mwamba. Huanza katika maji ya kina kifupi, mahali ambapo kosa halimzamishi mtu. Akishauzoea upondo na tanga, ndipo wakubwa humruhusu kuikabili bahari kuu ya upande wa Mnemba. Hekima hiyo ndiyo inayopasa kutawala mafunzo ya wauguzi na wakunga.

Mtoto anayezaliwa bila ya kupumua huhitaji msaada ndani ya dakika moja: akaushwe, asuguliwe mgongo na, ikibidi, asukumiwe hewa kwa mfuko na barakoa. Dakika hiyo si ya kufungua kitabu. Wala si haki mwanafunzi afanye jaribio lake la kwanza juu ya mtoto wa mtu. Ndiyo maana ikabuniwa sanamu ya mtoto mchanga, inayojazwa maji ya uvuguvugu ili ipate uzito wa mtoto wa kweli. Mwalimu akibonyeza kipira, kifua huinuka na kitovu hudunda. Akiacha, mwanafunzi hana budi kuonesha atakalofanya.

Faida yake si ya kubahatisha. Tanzania ilianza kutoa mafunzo hayo mwaka 2009. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2013 kuhusu hospitali nane ilionesha kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47.

Lakini funzo kubwa zaidi limetoka katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara. Mwaka 2010 wafanyakazi wake walipewa mafunzo ya siku moja. Mbele ya sanamu walifanya vizuri. Katika chumba cha kuzalia, utendaji wao haukubadilika. Mwaka 2011 ukaanzishwa utaratibu wa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, papo hapo kazini. Vifo vya siku ya kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Chombo kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni mazoea.

Ni dhahiri, basi, kwamba warsha, posho na cheti havitoshi. Katika hospitali kubwa kama Mnazi Mmoja, mjini Unguja, uzazi ni mwingi na mikono haipoi. Katika kituo cha kijijini, mkunga huweza kukaa muda mrefu bila ya kumpokea mtoto asiyelia, na ujuzi usiotumika hushika kutu. Kwa hiyo walio mbali na mji ndio wanaohitaji mazoezi zaidi.

Wapo watakaosema kuwa wafanyakazi ni wachache na kazi ni nyingi. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini zoezi lenyewe ni la dakika chache tu wakati wa kupokezana zamu. Ni kweli pia kwamba sanamu haizibi pengo la wakunga wala la vifaa; lakini kifaa kilicho mikononi mwa asiyekizoea hakimwokoi mtu.

Wakaguzi wa afya wanapofika vituoni, wasiridhike na orodha ya waliohudhuria warsha. Waulize sanamu iko wapi, ufunguo wa kabati anao nani, na mara ya mwisho ilitumika lini.