Waraka kwa Wakufunzi na Walimu wa Hisabati: Tuwafundishe Hesabu za Darasa la Tatu

Ndugu wanachama wenzangu,

Wanachuo wetu wanajiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, nami nina ombi moja: kabla hawajaondoka, tuwafundishe hisabati ya shule ya msingi yenyewe. Nazungumzia kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, sehemu na desimali. Mambo haya tumfundishe mtu mzima kwa uzito wake, mpaka aweze kueleza kila hatua inatoka wapi. Saa nyingi tunazitumia kwenye nadharia za ufundishaji, nyingine kwenye aljebra ya sekondari, halafu tunadhani hesabu za darasa la tatu kijana alishazimaliza zamani.

Tutazame hali ilivyo. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, waliofaulu Hisabati walikuwa kama mmoja kati ya watano. Mwaka 2023 wakafika kama robo. Ni katika kundi hilo hilo la wahitimu wa kidato cha nne vyuo vyetu huchota. Mwalimu wa shule ya msingi naye hachagui sana: akiripoti kituoni, mwalimu wa taaluma akakuta Hisabati ya darasa la nne haina mtu, anakabidhiwa kitabu na chaki siku hiyo hiyo. Vijana hawa si wavivu, na wengi wanapenda watoto. Walipita shule wakikariri, wakakosa wa kuwaambia kwa nini. Sisi ndio nafasi yao ya mwisho ya kuambiwa.

Chukueni MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, tumeiimba wote. Sasa andika ubaoni 15 − 6 + 4, uwape wanachuo dakika moja. Wapo watakaokuletea 5, tena kwa kujiamini: JU iko mbele ya TO, basi 6 na 4 ni 10, na 15 ukitoa 10 inabaki 5. Jibu ni 13. Mama ana machungwa 15 mezani, anauza 6, analetewa 4 mengine. Hakuna namna atakavyobaki na 5. Kujumlisha na kutoa vina hadhi moja na hufanywa kwa kufuata mfuatano kutoka kushoto. Anayetaka kuanza kujumlisha aanze, ila ajumlishe 15 na 4, maana alama ya kutoa ni ya ile 6 peke yake.

Upande wa GAZI kosa hili halitokei. Fanya 12 × 6 ÷ 3 ukianza na kugawanya, utapata 24. Anza na kuzidisha, ni 24 vilevile. Fanya 36 ÷ 6 × 2, GA ikitangulia ZI unafika salama kwenye 12. Kwa hiyo kifupisho chetu kinambeba mtoto muda mrefu, halafu kinamwangusha mahali pamoja, pale kutoa kunapotangulia kujumlisha. Mwalimu asiyepajua mahali hapo atamwekea kosa mtoto aliyepata, na kumwekea vema aliyekosa. Jambo hili linaniuma kuliko matokeo yoyote ya mtihani, kwa sababu mtoto wa namna hiyo anajifunza kwamba akili yake haiaminiki.

Kutoa kwa kukopa nako ni vivyo hivyo. Mtoto anaandika 52 − 28 = 36. Mwalimu anapiga alama ya kosa na kuendelea na daftari linalofuata. Angemwuliza alivyofanya, angesikia: 8 haitoki kwenye 2, basi nikatoa 2 kwenye 8, 5 toa 2 ni 3. Huyu hajakosea ovyo. Ana kanuni yake, anaifuata kwa uaminifu, na atakosa kila hesabu ya aina hiyo mpaka mtu aione. Mwanachuo aliyefungua vifungu vya vijiti kumi kumi kwa mikono yake, akaona 52 inavyokuwa makumi manne na mamoja kumi na mawili, ana cha kumwambia mtoto huyo. Ambaye hajawahi kuvishika atamwambia “kopa kwa jirani” na mtoto atabaki alipokuwa.

Kwenye sehemu ndiko tunakopoteza wengi. Nusu jumlisha theluthi, mtoto anajumlisha kiasi na kiasi, asili na asili, anapata mbili ya tano. Kabla ya kutaja KDS (kigawe kidogo cha shirika), mwalimu amwulize: mbili ya tano na nusu, ipi kubwa? Mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu. Tulikuwa na nusu, tukaongeza kitu, tukapata pungufu ya nusu, inawezekanaje? Swali hilo mwanachuo hataliuliza darasani kama yeye mwenyewe hajawahi kuulizwa.

Mwaka 1999, Liping Ma, mtafiti aliyewahi kufundisha shule ya msingi kijijini China, alitoa kitabu kilicholinganisha walimu 72 wa China na 23 wa Marekani. Aliwataka wagawanye moja na robo tatu kwa nusu, kisha watunge hadithi ya hesabu hiyo. Wamarekani waliopata jibu sahihi hawakufika nusu, na waliojaribu kutunga hadithi karibu wote walikosea, wengi wakigawanya kwa mbili badala ya nusu. Wachina wote 72 walipata jibu, na walio wengi wakatunga hadithi sahihi. Sisi tungesema: una lita moja na robo tatu ya mafuta ya kupikia, unajaza chupa za nusu lita, utapata chupa tatu na nusu. Sasa sikilizeni hili: walimu wale wa China walikuwa wamesoma miaka michache kuliko wenzao wa Marekani. Walichokuwa nacho ni mazoea ya kukaa pamoja shuleni, kusoma kitabu cha mwanafunzi mstari kwa mstari, na kujadili namna ya kufundisha kila mada.

Kwa hiyo tusiseme kwamba stashahada peke yake itatuokoa, wala tusingoje. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, yametupa jumuiya za kujifunza shuleni na vituo vya walimu katika kata. Jukwaa tunalo. Nawasihi wanachama walioko shuleni: kikao kikifika, acheni mada pana kama “mbinu shirikishi”. Wekeni mezani hesabu moja, madaftari kumi ya watoto walioikosa, mwulizane kila mmoja alifikiri nini. Darasa la watoto mia moja na zaidi halikupi nafasi ya kuyachambua yote, najua. Kumi yanatosha kuonyesha makosa yanayojirudia.

Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi hii iliwachukua waliomaliza darasa la saba ikawafundisha ualimu wakiwa kazini, kwa redio na kwa masomo ya posta. Mapungufu yake tunayajua. Lakini kazi ya kumjenga mwalimu akiwa tayari darasani hatuianzi leo.

Wakufunzi wenzangu mnaokwenda kukagua mazoezi, andalio la somo na azimio la kazi vikaguliwe kama kawaida. Ila tengeni dakika kumi baada ya kipindi, kaeni dawatini na mtoto mmoja aliyekosa, mwanachuo akiwepo. Mwulizeni mtoto alifanyaje, na mwanachuo asikilize mpaka mwisho bila kumsahihisha. Mazungumzo yenu baada ya hapo yaanzie kwenye alichosema mtoto. Zana nazo zitazamwe kwa jicho hilo: vizibo vya soda vilivyopangwa vizuri mezani na havikuguswa na mtoto hata mmoja visipewe alama.

Mtaala ulioanza Januari 2024 unaishusha elimu ya msingi kuwa miaka sita. Mtoto atafika kidato cha kwanza mapema zaidi, na huko Hisabati itamgeukia kwa Kiingereza. Aliyeelewa sehemu kwa Kiswahili atahitaji majina mapya tu. Aliyekariri atakuwa na mizigo miwili kwa wakati mmoja.

Katika kutekeleza haya, tunaanza na mada ya sehemu, darasa la nne na la tano. Kila chuo kiombe madaftari katika shule za jirani kupitia kwa mwalimu mkuu, kichague kurasa zenye makosa, kizinakili, na majina ya watoto na ya shule yafichwe. Chini ya kila ukurasa mkufunzi aandike anavyodhani mtoto alifikiri, na swali moja ambalo angemwuliza. Zifike kwa katibu kabla wanachuo hawajaondoka, tuziunganishe, kila mmoja wao aende kituoni na nakala yake.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti