Tintin alikuja Kongo: ile katuni ya watoto ilikuwa inaficha nini?

Wazazi wengi wanachagua vizuri habari na filamu ambazo watoto wataangalia, lakini kwa katuni hawaulizi kitu. Wanasema katuni ni mchezo, haina siasa. Tuangalie basi katuni moja inayotuhusu sisi wenyewe, yenye kuuzwa mpaka leo: «Tintin au Congo».

Ilianza kutoka mwezi wa sita mwaka 1930, katika kurasa za watoto za gazeti moja la Wakatoliki la Brussels, Le Vingtième Siècle. Mchoraji wake, Georges Remi, mwenye kujulikana kwa jina la Hergé, alikuwa na miaka 23. Kongo hakuwa amefika hata siku moja. Mkubwa wa gazeti, Padri Norbert Wallez, ndiye aliyetaka Tintin atumwe huku, ili watoto wa Ubelgiji wapende koloni yao. Kumbe siasa ilikuwapo tangu kalamu haijagusa karatasi.

Ukifungua kile kitabu, mambo mengi yako wazi. Tintin anajua kila kitu: anatoa dawa, anakata maneno ya watu wenye kugombana, anafundisha. Wakongomani wamechorwa wote sura moja, midomo mikubwa, na Kifaransa chao ni cha kuvunjika-vunjika. Hata mbwa wake, Milou, anaongea vizuri kuwapita. Mtoto hahitaji mtu wa kumfasiria. Anacheka tu, na somo limekwisha kuingia.

Lakini yale yasiyochorwa ndiyo mazito zaidi. Katika hadithi, kuna watu wabaya wanaotaka almasi ya Kongo. Ni nani? Ni majambazi wa Al Capone, kutoka Marekani! Wakati ule kampuni ya Forminière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa inachimba almasi kule Kasai. Hiyo haionekani katika ile hadithi. Kwa hiyo mtoto wa Brussels alijifunza kwamba mwizi wa mali ya Kongo ni mgeni wa mbali, na Mbelgiji ni mlinzi.

Tena angalieni tarehe. Katuni ilimalizika mwezi wa sita 1931. Siku zilezile, kule Kwango, Wapende walikuwa wameasi juu ya kodi na kazi ya kulazimishwa ya kukata ngazi za mawese, kwa bei iliyokuwa imeshuka sana. Force Publique iliwapiga, na watu mamia walikufa. Mtoto aliyekuwa anasoma gazeti lake kila Alhamisi alimaliza hadithi akiwaona Wakongomani wanapiga magoti mbele ya sanamu ya Tintin.

Mwaka 1946 kitabu kilichorwa upya, kwa rangi. Mbele, Tintin alikuwa anaingia darasani na kuwaambia watoto weusi kwamba atawafundisha juu ya nchi yao, Ubelgiji. Hayo maneno yaliondolewa, yakawekwa hesabu. Tintin anauliza mbili na mbili ni ngapi, na darasa zima linanyamaza. Ubelgiji imefutwa ubaoni, sawa. Lakini mtoto wetu amebaki palepale, sasa hajui hata mbili na mbili! Ndiyo maana kufuta maneno haitoshi kama picha inabaki na akili ileile.

Mwaka 2007 Mkongomani mmoja anayeishi Brussels, Bienvenu Mbutu Mondondo, alipeleka kitabu hicho mbele ya sheria. Mwaka 2012 tribinali ilikataa, ikisema kitabu ni cha wakati wake na hakikukusudia kuchochea chuki. Hergé mwenyewe alikuwa amekubali, katika uzee wake, kwamba alichora mawazo mabaya ya mazingira aliyokulia.

Wengine watasema: wakati ule kila mtu aliwaza vile. Hapana. Mwaka 1934, Hergé alipotaka kumtuma Tintin China, alikutana na mwanafunzi Mchina, Zhang Chongren, aliyemweleza nchi yake. Kitabu kilichotoka pale, «Le Lotus bleu», kinawaheshimu Wachina na kinacheka dharau ya wazungu. Miaka minne tu ilipita. Mkono ni uleule. Tofauti ni kwamba safari hii aliuliza mwenye nchi. Kwa Kongo, hakuna aliyeulizwa.

Je, tukataze katuni? Sisi hatuoni hivyo. Mtoto uliyemkatalia ataiona kwa simu ya jirani. Afadhali kukaa naye dakika kumi na kumuuliza: Nani anaongea vizuri hapa, na nani anaongea vibaya? Nani anasaidia, na nani anangoja kusaidiwa tu? Na nani hayupo kabisa?

Lile swali la tatu ndilo gumu. Lakini kwa Tintin, ndilo lingefungua kila kitu: kampuni ya almasi haipo, mkata mawese haipo, maiti za Kwango hazipo. Mtoto atakayezoea kuliuliza mbele ya katuni, kesho ataliuliza pia mbele ya habari na mbele ya kampeni za uchaguzi.