Watoto Tutamwachia Nani?



Wapenzi wasomaji wa ukurasa huu, wiki hii nawaletea kisa nilichokipata mbali na mwambao wetu, katika mji wa Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Wenyewe wameniruhusu kukisimulia kwa sharti nisiwataje majina.

Nilikuwa nimealikwa huko kufundisha kwa siku chache. Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, walinijia mume na mke wenye duka la vitambaa. Wana miaka 11 katika ndoa na watoto wanne, na yule wa mwisho ana miaka miwili. Marafiki zao wawili, kila mmoja na mkewe, walikuwa wamepanga kwenda Diani, kusini ya Mombasa, wakakae siku tano bila watoto. Wenzetu hawa nao walikuwa wameweka akiba mwaka mzima ili wafuatane nao. Lakini mama mzazi wa mume, anayeishi Homa Bay, alipopata habari alisema neno lililomchoma mkaza mwanawe moyoni. Alisema: mama gani huyu, anawaacha watoto aende akacheze na mawimbi?

Mume akaniuliza: "Sheikh, safari kama hii inafaa?"

Nami nilijibu upesi, kama ilivyo kawaida yetu sisi tuliozoea kuulizwa. Nikawaambia kwamba Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Ar-Rum, ametaja utulivu, mapenzi na huruma baina ya mume na mke kuwa ni miongoni mwa ishara zake. Nikawakumbusha kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa safarini na Bibi Aisha, akawaambia watu watangulie, kisha wakashindana mbio wao wawili. Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda. Safari nyingine, baada ya muda kupita, Mtume akashinda yeye, akamtania kwamba sasa wametoka sare. Ikiwa aliyebeba mzigo wa umma mzima alipata wasaa wa kucheza na mkewe, sisi tunaobeba mzigo wa duka tuna udhuru gani? Nikamaliza kwa kusema: safari inafaa, nendeni kwa amani.

Mume akafurahi. Mke akainamisha kichwa, kisha akasema kwa upole: "Sheikh, mimi sikuja kuuliza halali au haramu. Nimekuja kuuliza nitamtazamaje mama."

Nakiri mbele yenu kwamba nilinyamaza. Nilikuwa nimejibu swali rahisi na kuliruka lile zito. Basi nikaanza upya, nikauliza jambo ambalo ningepaswa kuanza nalo: hao watoto wangeachwa na nani? Wakatazamana. Wangeachwa na mama yule yule. Na aliambiwaje? Alipigiwa simu, akaelezwa kwamba tarehe fulani wajukuu wanakuja. Hakuombwa. Aliarifiwa.

Ndugu zangu, hapo ndipo fundo la kisa hiki lilipo. Sisi tunadhani bibi ni mali ya familia, kama kinu kilichowekwa uani: ukitaka kutwanga unakwenda tu. Tunasahau kwamba naye ana magoti yanayouma, ana mipango yake na ana hofu zake. Neno lake kali juu ya mawimbi halikuwa juu ya mawimbi. Lilikuwa ni la mtu aliyepangiwa kazi bila ya kuulizwa, na kwa kuwa hakupewa nafasi ya kusema "siwezi", alisema "si vyema".

Safari ya mume na mke bila watoto ina haki tatu ndani yake. Ipo haki ya wanandoa wenyewe, nayo nimeitaja. Ipo haki ya watoto, kwa sababu kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Na ipo haki ya yule anayebaki nao, ambayo ndiyo tunayoisahau zaidi. Akiwa ni mzazi, haki hiyo ni kubwa mara mbili, kwani kabla ya kuwa mlezi wa watoto wako yeye ni mama yako.

Niliwashauri wafunge safari nyingine kwanza, ya kwenda Homa Bay, waende na watoto wote, wakae mbele ya mama na wamuulize. Wakafanya hivyo siku ya Ijumaa. Mama huyu ni mzaliwa wa Kendu Bay, ana umri mkubwa na ulimi mwepesi. Alipoulizwa kwa adabu, akasema yote. Kwamba mtoto wa mwisho ana pumu, naye hajui kuitumia ile dawa ya kuvuta. Kwamba nyumba yake iko karibu na ziwa, na hawezi tena kukimbizana na mvulana wa miaka sita anayependa maji. Na kwamba Diani ni mbali mno. Hapo mwanawe alitaka kubisha, kisha akahesabu mwenyewe: basi la usiku hadi Nairobi, treni ya SGR hadi Mombasa, kivuko cha Likoni, kisha barabara. Mtoto akizidiwa usiku, baba na mama yake wangefika lini?

Wakabadili mpango, na marafiki zao wakakubali. Badala ya siku tano Diani wakachagua usiku mbili Mbita na kisiwa cha Rusinga, mwendo wa gari usio mrefu kutoka Homa Bay. Shangazi wa watoto akaombwa aje kumsaidia mama. Dawa ikafundishwa namna ya kutumiwa, mbele ya wote, mpaka mama akaijua. Nambari za simu na jina la hospitali vikaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Fedha za chakula zikatolewa kabla, na mama akapewa kitu chake mwenyewe mkononi, kisichoitwa matumizi ya watoto.

Baadhi yetu wa mwambao tutacheka tukisikia mtu amekwenda "pwani" ya ziwa. Tusicheke. Homa Bay iko nusu nyuzi tu kusini ya ikweta, ilhali Mombasa iko kiasi cha nyuzi nne. Jua ni lile lile, fukwe zipo, upepo wa maji upo, na ngege wa kukaanga aliyetoka ziwani asubuhi hana sababu ya kumwonea haya changu wetu. Huko Rusinga wapo wanaokwenda kuliona kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi mwaka 1969, na wenye nafasi hupita mbuga ya Ruma, ambayo ndiyo maskani ya korongo, mnyama ambaye hapa Kenya amebaki huko tu.

Kwa kuwa walikwenda pamoja na marafiki, niliwapa nasaha nne, nazo nawapa ninyi. Kwanza, rafiki ya mume hawi maharimu wa mke kwa sababu ya safari. Mipaka iliyoko Migori iko na Mbita, na kila nyumba iwe na chumba chake na faragha yake. Pili, gharama zisemwe wazi kabla ya kuondoka, ili asiwepo mwenye mfuko mdogo anayekula kwa aibu na kurudi na deni. Tatu, picha za wake za watu zisirushwe kwenye simu bila ya idhini yao. Nne, anayepanda mashua avae jaketi la kujiokolea, hata akiwa bingwa wa kuogelea, kwani ziwa lile hugeuka ghafla.

Walipokuwa huko lilitokea jambo ambalo mume alinieleza baadaye kwa simu. Usiku wa kwanza walikaa ufukweni wao wawili, na baada ya kuulizana habari za watoto, maneno yaliwaishia. Miaka 11, na hawakuwa na la kuambiana! Alishikwa na hofu. Asubuhi ya pili, baada ya sala ya Alfajiri, wakatembea kando ya maji, na mke akamwambia jambo alilolificha karibu mwaka mzima. Duka lilipoyumba, alikopa katika chama cha akina mama ili karo ya mtoto wa kwanza ilipwe, na deni lile lilikuwa linamkosesha usingizi. Mume akamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu: "Ningesema saa ngapi? Kila nikifungua mdomo, kuna mtoto mlangoni."

Walirudi Homa Bay siku ya tatu wakiwa na mpango wa kulipa deni kwa pamoja. Watoto walikuwa salama, na yule mdogo alilia, si kwa furaha ya kumwona mama yake, bali kwa kuondolewa mgongoni kwa bibi.

Mimi na mke wangu tumelea watoto na sasa tunapokea wajukuu. Nilipokuwa nikiandika makala haya nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho tuliposafiri wawili bila ya harusi wala matanga mbele yetu. Sikuikumbuka. Nami ndiye ninayewapa watu nasaha.

Nimalizie kwa yule mama wa Homa Bay. Mwanawe alipomshukuru, alisema kwamba yeye na marehemu mumewe walisafiri pamoja mara moja tu, walipopanda meli iliyokuwa ikitoka Homa Bay na kupita Kendu Bay hadi Kisumu. Alikuwa bado hajazaa. Tangu siku hiyo amelea watoto, kisha wajukuu, na Rusinga, ambayo iko karibu naye hivyo, hajawahi kulala hata usiku mmoja. Kisha akauliza: "Na mimi mtanipeleka lini?"

Nimeambiwa kwamba mkaza mwanawe ndiye aliyejibu, na kwamba tarehe imekwisha kuwekwa. Safari hii watoto watabaki na baba yao.

Mwenyezi Mungu atujaalie utulivu katika nyumba zetu, na atukumbushe haki za wanaotulelea. Amin.