Mgonjwa Aliyejikojolea Hana Kosa

Pita mchana wowote katika hospitali kubwa za Kampala uangalie nyasi za uani. Zimetandazwa mashuka na vitenge vilivyofuliwa kwa mkono, na aliyevifua hayumo katika orodha ya mishahara. Ni binti, mke au dada wa mgonjwa, aliyekuja na beseni lake, dumu la maji, sabuni, na kaveera la plastiki la kutandika chini ya shuka ili godoro lisilowe. Usiku hulala sakafuni, ubavuni mwa kitanda. Asipokuwapo, mzee aliyepooza kwa kiharusi atalala katika mkojo wake mpaka asubuhi. Tunausifu huu upendo wa jamaa. Mimi naona jamaa ametupiwa kazi ya uuguzi, bila mafunzo na bila malipo.

Ada za matibabu katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, lakini pampasi za watu wazima bado zinatoka mfukoni mwa familia. Pakiti ya kumi, kwa mgonjwa anayebadilishwa mara nne kwa siku, inaisha siku ya tatu. Kwa hiyo watu wanabana. Pampasi ya asubuhi huachwa mpaka jioni, ngozi ya makalio inalainika, inachubuka, kidonda kinachimbika hadi mfupa. Mgonjwa naye, kwa kuona haya, anaacha kunywa maji. Mkojo mzito unawasha kibofu, choo kinakuwa kigumu, na hali inazidi kuharibika. Na wodi yenye wauguzi wachache hukimbilia mpira wa mkojo, ukaachwa humo majuma mazima bila haja ya kitabibu, mpaka maambukizi yapande kwenye figo.

Mengi ya hayo yanazuilika, tena kwa mambo anayoyajua muuguzi yeyote aliyesoma. Muulize mgonjwa kila baada ya saa mbili tatu kama anataka haja, usingoje akuite. Msafishe kwa maji na sabuni laini, mkaushe, mpake vaselini. Mfundishe mama aliyejifungua mazoezi ya misuli ya nyonga. Vuta pazia. Pazia! Ni wodi ngapi zinalo? Nimemsikia mzee akikaripiwa mbele ya wodi nzima, "Jjajja, umelowesha tena?" Akageukia ukutani, mtu aliyelea watoto na wajukuu. Ibara ya 24 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inakataza kumdhalilisha mtu, na haikusema ukiingia wodini haki hiyo unaiacha mlangoni.

Wanawake wenye fistula, tundu linalovujisha mkojo baada ya uzazi mgumu, wamepiganiwa, na ninashukuru kwa dhati. Mei 23 ni siku yao duniani kote, na zipo kambi za upasuaji. Lakini hata kati yao wapo ambao tundu limeziba na mkojo bado unavuja, na wakishatoka kambini wengi hawana wa kuwafuatilia. Mwenye kisukari, mwenye tezi dume, kijana aliyevunjika uti wa mgongo kwenye bodaboda, bibi aliyepoteza kumbukumbu: hawa nani anawasemea?

Kule Nalukolongo, katika nyumba ya Bakateyamba iliyoanzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978, masista huwatunza wazee na watu wenye ulemavu wasio na wa kuwatunza. Papa Francis alikwenda kuwaona Novemba 2015, na nchi nzima ikatazama. Kisha tukarudi makwetu, tukawaachia masista na wafadhili mzigo ambao ni wa hazina ya taifa.

Waheshimiwa wabunge, bajeti husomwa kila Juni. Wekeni humo fedha za pampasi za watu wazima, mapazia, na wauguzi wa kutosha wa zamu ya usiku. Nanyi wakuu wa wodi, kuacha kumkaripia mgonjwa aliyejikojolea hakuhitaji senti moja. Kuanze leo.