Neno Nalo Lina Mzazi

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili anapoalikwa kusaidia kuunda kamusi ya mtandaoni, huombwa orodha ya maneno tu. Huyapanga kialfabeti, humkabidhi mwenzake wa idara ya tarakilishi, na kazi ya isimu huhesabiwa kuwa imekwisha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipopaswa kuanza.

Tuchukue neno "mpatanishi". Limezaliwa na "patanisha", nalo "patanisha" likazaliwa na "patana", mtoto wa "pata". Katika orodha ya alfabeti kitukuu huyu anakaa kwenye M ilhali jamaa zake wote wako kwenye P. Kamusi ya Johnson ya 1939 iliweka majina mengi ya aina hii chini ya vitenzi vyake, ikamtesa msomaji asiyejua mzizi. Hifadhidata haitulazimishi kuchagua kati ya mateso hayo mawili. Katika jedwali moja la maneno, kila neno hupewa namba yake, kisha huongezwa safu iitwayo "mzazi", inayotiwa namba ya neno jingine la jedwali lilo hilo. "Pata" haina mzazi, basi safu yake huachwa tupu. Lugha ya SQL ilipata njia sanifu ya kupanda ngazi za ukoo kama huu katika toleo la 1999. MySQL, inayotumiwa na tovuti nyingi mno, iliipokea katika toleo la 8.0 mwaka 2018. Visingizio vya kiufundi vimekwisha.

Nasema namba, wala si tahajia. Ukiandika kwamba mzazi ni "paa", ni paa yupi? Mnyama, sehemu ya nyumba, kitendo cha kwenda juu, au kile cha kutoa magamba ya samaki?

Fauka ya hayo, kuna maamuzi ambayo mwanatarakilishi hawezi kutufanyia. Mhariri akifuta "patana", je, "patanisha" na "mpatanishi" nayo yafutwe? Hifadhidata yaweza kuamriwa kufagia uzao wote, au kukataa kufuta neno lenye watoto. Nashikilia kwamba ikatae. Vilevile, mtu akikosea akamfanya "mpatanishi" kuwa mzazi wa "pata", hifadhidata haitalalamika, kwani namba zote mbili zipo. Itakayoumia ni programu, itakayozunguka ndani ya duara pasipo kumpata babu. Ukaguzi wa duara hauna budi kuandikwa mahsusi.

Mwambatano ni mgumu zaidi. "Mwanasheria" ana wazazi wawili, "mwana" na "sheria", na safu moja haiwatoshi. Hapo pahitajika jedwali la pili, ambamo kila mstari una namba ya mtoto na namba ya mzazi mmoja, ili "mwanasheria" aandikwe mara mbili. (Ukoo wa watu nao, tukiutazama, ungehitaji jedwali hilo tangu mwanzo.)

Kisha kuna "safiri" na "safari". Kwa mazoea tungesema jina limetokana na kitenzi, lakini asili ya yote mawili ni Kiarabu, na hakuna lililomzaa mwenziwe kwa kanuni za unyambuaji wa Kiswahili. Mimi ningeacha safu ya mzazi tupu kwa yote mawili, niongeze safu ya lugha asilia. Mwenye rai nyingine ailete kabla jedwali halijajazwa.