Daftari la Wiki: Frasila Mbili na Shanta Moja

Juma hili sikuandikia mezani. Swahiba wangu, mwalimu mstaafu ambaye umri haujamfunza hadhari, alinishawishi twende kwa miguu siku nne, kutoka Mbegani hadi Saadani, na vyombo vyetu mgongoni. Nami, kwa kuwa nilimdhihaki siku aliyostaafu kuwa sasa atamalizia maisha barazani, niliona haya kukataa.

*

Bandari ya Mbegani, ile ambayo mkataba wake ulitiwa saini 2013: tulihesabu ngalawa tatu, moja imepinduliwa ikipakwa shahamu.

*

Neno ni shanta. Nimeliandika jambo hili mara tatu mwaka huu, na bado watu wanasema "begi la mgongoni", kana kwamba wazee wetu hawakuwa na migongo.

*

Asubuhi ya pili, tumeketi kando ya mashamba ya chumvi ya Nunge na mikanda imekwisha kutuchubua mabega, mwenzangu aliinua shanta yangu kwa mkono mmoja, akaipima, akatamka kuwa haifiki hata frasila. Frasila ni ratili 35, yaani kilo 16 hivi. Na mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, ambaye aliteremka kutoka Unyanyembe kwa mwendo wa miezi mitatu, aghalabu alichukua mbili, pembe za ndovu zimemlalia begani, na juu yake mkeka wake, chungu chake na posho yake, kisha akazipanda njia zile zile kurudi bara na marobota ya nguo na ushanga. Burton na Speke walianzia pwani hii 1857, Stanley akafuata 1871, na vitabu vyao vimejaa malalamiko juu ya wachukuzi, ilhali anayelalamika hakuchukua kitu ila kalamu. Hata hao wachache tuwajuao kwa majina, kina Susi na Chuma, waliofika Bagamoyo Februari 1874 na maiti ya Livingstone, tunawajua kwa sababu ya mzigo wao. Lau wangalichukua pembe, nani angaliwauliza majina?

Mwenzangu alinisikiliza hadi mwisho, kwa taadhima, kisha akauliza kama ningependa anipokee sufuria. Nilimpa.

*

Asili ya jina Bagamoyo: nimekwisha kuelezwa. Ahsanteni.

*

Mvuvi aliyetuvusha mlangoni mwa Ruvu aliuliza gari letu limeharibikia wapi. Tulipojibu kuwa hatuna gari, alitutazama sana, akatupunguzia nauli.

*

Saadani, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, haitembelewi kwa miguu bila ya askari mwenye bunduki. Mwenzangu, ambaye kwa siku tatu alinihubiria utamu wa faragha ya nyikani, alisikia kiboko akikoroma upande wa Wami, na tangu hapo akamfuata askari kwa karibu mno hata akawa anamkanyaga visigino.

Askari akageuka. Nilidhani atamkaripia.

"Mzee, shikamoo. Hebu kaza mikanda ya shanta."

Nilitamani kumkumbatia.