Mamanzi Wawili, Usiku Mmoja, Mtaa Unawaka

Kukinuka na umekwama na msee mko tofauti kabisa, utado? Hiyo ndiyo stori ya I'm Not Dying with You Tonight, kitabu cha 2019 cha Kimberly Jones na Gilly Segal. Lena ni mweusi, Atlanta ni kwao. Campbell ni mzungu, mgeni shuleni. Fujo inazuka kwa mechi, inabidi wahepe pamoja.

Usitarajie beste za ghafla. Kila mmoja anasimulia upande wake, na hofu zao hazifanani. 2020, baada ya polisi kumuua George Floyd, Jones alitrend akitumia Monopoly kueleza hasira ya watu weusi. Point ni ileile: kabla uulize nani amevunja duka, uliza kwa nini. Halafu uskize jibu.